Mutoto amesoma kimia: nje ya labo kuko kazi gani?

Siku ya matokeo ku iniversite, mu cité za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunaonaka picha ileile. Mutoto wa muchimbaji amemaliza masta ya kimia, ao ya jeoloji, ao ya metalurji. Wenzake wanamumwangia poda nyeupe ku kichwa, mama anapiga vigelegele, jirani wanaingia bila kuitwa. Baba naye anacheka, lakini mu kichwa anahesabu: miaka tatu ya lisansi, miaka mbili ya masta, minerval ya kila mwaka, nyumba ya kupanga, taksi, fotokopi. Makuta ile yote ilitoka mu shimo ao mu kiwanda, usiku kwa usiku.

Kisha miezi sita, poda imekwisha kuoshwa. Mutoto iko nyumbani. Barua zake za kuomba kazi zimefika mu kampuni mingi, hakuna hata moja yenye imejibu. Njo pale ulizo linaingia ndani ya nyumba: «Tulimusomesha juu ya nini?»

Leo tunataka kutazama ulizo lile pamoja na ninyi, wazazi na watoto, bila kudanganya mutu. Tunaona kama vijana wengi wa siansi wanangoja mbele ya milango mbili tu, na pembeni yao kuko kazi mingi yenye inakosa mutu. Tena kazi zile zinagusa moja kwa moja maisha ya muchimbaji: uzito wa gunia lake, maji ya mutoto wake, makuta ya kijiji chake.

Milango mbili, na zote mbili nyembamba

Mulango wa kwanza wenye wazazi wanajua ni labo ya kampuni kubwa ya migodi: koti nyeupe, mushahara ku mwisho wa mwezi, bisi ya kampuni inapita kumutwaa asubuyi. Wa pili ni kubakia ku iniversite: kuwa asistanti, kisha shefu wa kazi, kuandika teze ya doktora, na siku moja kuitwa profesa.

Milango zile ni za kweli na ni za heshima. Lakini labo ya kiwanda haiombi watu wengi. Mashini za leo zinapima sampuli mingi kwa siku moja, na watu wachache wanazigeuza, wengine muchana, wengine usiku. Ku iniversite nako, nafasi inafunguka wakati mukubwa anapanda ao anatoka, na nyuma yake mustari ni murefu. Tena teze inaomba miaka, inaomba produi za kimia na mashini, na mara mingi mwanafunzi mwenyewe njo anatafuta makuta ya kuzilipa.

Wazee wetu wanajua hatari ya kutegemea mulango moja. Toka Union Minière ya mwaka 1906 mpaka Gécamines, kampuni moja ilikuwa baba na mama: posho, nyumba, hospitali, shule ya watoto. Mutoto alisoma akijua fasi atafanya kazi. Kisha mu mwezi wa tisa 1990 mugodi wa chini ya udongo wa Kamoto ukaanguka, na miaka ya nyuma yake kampuni yote ikalegea. Mu 2003, watu zaidi ya elfu kumi walitoka Gécamines kwa programu ya kuondoka kwa mapenzi, na jamaa mingi inakumbuka mpaka leo namna «mapenzi» ile ilikuwa. Mutu alijua kazi yake vizuri, lakini aliijua ndani ya kuta za kampuni moja. Wakati kuta zilianguka, wengi hawakujua namna ya kuuza ujuzi wao fasi ingine.

Na hata leo mulango wa kampuni unaweza kufungwa kwa uamuzi wenye unatoka mbali. Mu mwezi wa pili 2025, serikali yetu ilisimamisha kutosha kobalti nje ya inchi, juu bei ilishuka sana ku soko la dunia. Toka mwezi wa kumi 2025 tuko mu kota: tani 18 125 kwa miezi ya mwisho ya mwaka ule, kisha tani 96 600 kwa mwaka 2026 na vilevile kwa 2027. Hatusemi hapa kama uamuzi ule ulikuwa muzuri ao mubaya, lile ni jambo la siku ingine. Tunasema tu hivi: kijana mwenye anangoja kazi ya kupima kobalti mu labo ya kampuni, kazi yake inafungwa ku bei yenye yeye hawezi kugusa. Ni vizuri akuwe na kamba ingine ku mukono.

Depo: fasi namba inaamua chakula

Tuanze na fasi yenye wachimbaji wa mukono wanajua kuliko sisi: depo ya kununua mawe.

Ku Kolwezi, bakrezere wanajua Metorex. Ni jina la mashini, na watu wanaitaka vile kila kamashini ka mukono, sawa bastola, kenye kanaelekezwa ku mawe na kutoa tenere, ni kusema kiasi cha kobalti ao cha shaba ndani ya mawe. Namba inatokea, mununuzi anaisoma, muuzaji anakubali ao anabeba magunia yake anaenda depo ingine. Kubishana na namba, hana njia.

Lakini mwanafunzi wa kimia ana njia, juu anajua namna mashini inafanya kazi. Mashini inatupa miale ya X, ndugu ya ile ya radio ya hospitali. Kila metali inajibu na mwale wake, na mashini inasoma jibu. Pale kuko mambo tatu yenye muuzaji alipaswa kuelezwa.

La kwanza: mashini inaona paka ngozi ya jiwe, haingii ndani. Ukielekeza ku upande wenye rangi, namba inapanda. Ukielekeza ku upande wa udongo, inashuka. Njo maana sampuli ya haki inatwaliwa mu magunia yote, inakaushwa, inatwangwa, inachanganywa, kisha inapimwa.

La pili: mwale wa kobalti na mwale moja wa chuma ziko karibu sana. Mawe yetu mengi iko na chuma. Kama mashini haikurekebishwa na mawe yenye tenere yake inajulikana mbele, inaweza kuchanganya hizo mbili, na namba inakuwa ya uongo bila hata mutu kutaka kuiba.

La tatu: maji ina uzito. Tupige hesabu. Magunia kumi ya kilo 50 ni kilo 500. Kama maji ni 12 kwa 100, kilo 60 ni maji, inabakia kilo 440 za mawe makavu. Tenere ikiwa 3 kwa 100, ndani kuko kilo 13,2 za kobalti. Ikiwa 2 kwa 100, kuko kilo 8,8. Kati ya namba 3 na namba 2 ku kioo cha mashini, kilo 4,4 za kobalti zimetoka mu mukono wa muuzaji. Na kama mununuzi anakata 20 kwa 100 ya maji fasi ya 12, hesabu inashuka tena mara ya pili.

Hapa kuko kazi. Kode ya migodi ya 2018 inaomba wachimbaji wa mukono waingie mu kooperative. Kooperative yenye iko na mukemia wake, hata moja, inaweza kutwaa sampuli yake mwenyewe, kuikausha mbele ya watu, kuipima, na kuandika namba mu daftari mbele magunia haijafika ku depo. Serikali nayo, toka mwaka 2019, iliunda Entreprise Générale du Cobalt juu ya kununua kobalti ya wachimbaji wa mukono. Kila fasi kununua kutapangwa kwa sheria, kutaombwa watu wa kupima wenye pande zote mbili zinaamini. Mutu yule haiko na koti nyeupe. Iko na vumbi mpaka ku magoti, lakini kazi yake ni kimia kabisa.

Maji, vumbi, na mukojo wa mutoto

Fasi ya pili ni afya. Viwanda vyetu vinatumia asidi sulfuriki juu ya kuyeyusha shaba na kobalti kutoka mu mawe. Maji yenye inatoka kule inapaswa kutulizwa na chokaa mbele ya kuachwa. Kujua kama ilitulizwa haiombi labo ya milioni: kamashini kadogo ka kupima pH kanasema. Maji safi ya kawaida iko karibu na 7. Ikishuka 4 ao 3, ile ni asidi, na samaki haitabakia. Kupima mara moja hakutoshi. Inaomba mutu wa kupima kila juma, fasi ileile, saa ileile, na kuandika. Mwanafunzi wa kimia ao wa bioloji amefundishwa kuandika namna ile. Daftari yake ya mwaka muzima ina nguvu kuliko makelele ya siku moja mbele ya mulango wa kampuni.

Tuko na mufano wa kwetu. Ku Kolwezi, mu kartie ya Kasulo, watu walipata kobalti chini ya nyumba mu 2014, na kartie ikageuka mashimo. Wasomi wa iniversite ya Lubumbashi, kati yao Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa iniversite ya Leuven mu Belgique, waliingia mu nyumba za watu, wakatwaa vumbi, damu na mukojo. Mu 2018 walitangaza matokeo mu gazeti la siansi Nature Sustainability: watu wa kartie ile, na zaidi watoto, walikuwa na kobalti mingi mu mukojo na mu damu kupita watu wa kartie ya pembeni yenye haikuchimbwa. Mbele ya pale, muzazi alisema tu «vumbi hii inatuua», na wakubwa walijibu «leta ushuhuda». Ushuhuda ulitoka mu labo, ni kweli. Lakini ulianzia ku mulango wa nyumba, na mutu wa siansi mwenye alijua kuongea na mama wa nyumba mpaka mama akubali mutoto wake atoe damu.

Njo maana hatukubali maneno ya wale wanasemaka kama musomi mwenye ametoka mu labo amepoteza masomo yake. Kuko fasi mingi zenye siansi inakosa miguu.

Makuta yenye sheria inaleta kijijini

Fasi ya tatu ni makaratasi, na pale wachimbaji na jamaa zao wanapoteza mingi bila kujua. Kode ya 2018 inasema kila kampuni yenye inachimba itoe 0,3 kwa 100 ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya watu wa fasi ile. Kampuni ikiuza kwa dolare milioni 100, ile ni dolare 300 000. Kuko pia kaye de sharje, mapatano kati ya kampuni na watu juu ya shule, barabara, maji. Tena ku redevans ya migodi, inchi inabakia na 50 kwa 100, provense 25, mamlaka ya fasi 15, na 10 inaenda mu mufuko wa watoto wa kesho.

Lakini nani anakaa ku meza wakati wanapanga? Kampuni inaleta injenieri wake na avoka wake. Kijiji kinaleta mufalme na wazee, watu wa heshima, lakini mutu wa kuuliza «shimo la maji litakuwa na metre ngapi, na maji ya chini yalipimwa?» hayuko. Mutoto wa jeoloji anajua ulizo lile. Anajua pia kusoma karte ya Cadastre minier, kuona kijiji kiko ndani ya ruhusa ya nani, na ruhusa ile itamalizika mwaka gani. Mutoto yule akikaa pembeni ya mufalme, mazungumuzo inabadilika.

Kazi ya namna ile inalipwaka na nani? Mara ingine na shirika, mara ingine na komine ao provense, mara ingine na kampuni yenyewe, mu biro yake ya mambo ya jamii. Na kuko njia ya kujilipa. Sheria ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 juu ya sutretanse inawekea kampuni za Wakongomani kazi ndogo zenye kampuni kubwa zinatoa nje. Kutwaa sampuli, kupima maji na hewa, kufundisha wafanyakazi usalama, kuchora karte: vyote vinaweza kuwa kazi ya biro ndogo ya vijana watatu ao wane wenye wamemaliza masta. Haiko rahisi. Inaomba makaratasi ya kampuni, ruhusa ya serikali kwa masomo ya mazingira, na kungoja malipo yenye inachelewaka. Lakini wale wane pamoja wanaweza kubeba kile moja peke yake hawezi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mambo yenye hayafundishwi mu amfi

Tusidanganyane: diplome peke yake haifungui milango hizi. Mwanafunzi amekaa miaka tano akiandikia profesa mwenye tayari anajua jibu. Nje ya labo ataongea na watu wenye hawajui, na wenye hawana wakati. Ajifunze kuandika ukurasa moja, Kifaransa kwa mukubwa na Kiswahili kwa muchimbaji, bila maneno ya kujionyesha. Akisema «spektrometri» mbele ya bakrezere, amewapoteza. Akisema «mashini inaona paka ngozi ya jiwe», wamemusikia.

Ajue kupanga hesabu mu ordinatere. Ajue kuendesha gari, kama anaweza, juu migodi iko mbali. Ajifunze Kiingereza kidogo, na hata Kichina: migodi mingi ya shaba na kobalti kwetu iko mu mikono ya kampuni za China, na mutu mwenye anajua kimia na kusalimia shefu mu luga yake, watu wanamukumbuka. Ku likizo aende kwa kooperative, ku depo, ku mutambo wa maji, aombe kusaidia hata mwezi moja. Pale njo anaona kama kazi inamufaa.

Kuko pia kufundisha. Tunajua mushahara wa mwalimu, hatutauficha. Lakini mwalimu wa kimia mu segondere ya Kipushi ao ya Fungurume, mwenye anaonyesha watoto pH na maji ya mutoni wao wenyewe, anatayarisha wale wenye kesho hawatadanganywa ku depo.

Hatari moja inabakia, na ni kubwa: nani anakulipa? Mukemia mwenye analipwa na mununuzi atavutwa kushusha namba. Mwenye analipwa na kooperative atavutwa kuipandisha. Namba ya uongo kwa upande wetu nayo ni uongo, na siku itajulikana, hakuna mutu atamuamini mukemia ule tena, wala kooperative yake. Kitu moja chenye musomi anauza nje ya labo ni kuaminiwa. Akikiuza mara moja, hana cha kuuza tena.

Na labo yenyewe?

Kuko wenye watatuuliza: ninyi munasukuma watoto nje, nani atabakia mu labo? Ni ulizo la haki. Bila labo ya iniversite na bila maprofesa wa kesho hakuna atafundisha wale wa kimia. Mwenye moyo wake unapenda utafiti, abakie, na inchi imulipe vizuri na kumupa produi na umeme. Lakini kubakia kukuwe chaguo. Leo wengi wanabakia juu hawajaonyeshwa njia ingine, wanazeeka asistanti, na teze haimaliziki.

Kwa iniversite tunaomba kitu kidogo: mu masta, mwanafunzi apitishe mwezi moja ao mbili ku fasi siansi inatumiwa nje ya labo, ku kooperative, ku komine, ku mutambo wa maji, na stage ile ihesabiwe mu pointi. Kwa kampuni: kazi za kupima zenye munatoa nje, mutangaze waziwazi, vijana wa fasi waweze kuziomba.

Na kwa ninyi wazazi, wenye mulilipa kwa mugongo. Mutoto akikuambia «baba, nimeacha kungoja ile labo, ninaenda kufanya na kooperative», usimujibu haraka «tulikusomeshea hii?». Muulize kwanza maulizo tatu: nani atakulipa, utapima nini, na utaandikia nani matokeo? Akijibu yote tatu bila kuhangaika, basi mutume na baraka. Na siku atarudi na daftari yake, mukae naye, aisome kwa sauti. Muko na haki ya kusikia namba zile. Ni makuta yenu njo ilizinunua.